Fundi bomba wa miaka 42: historia ya mabomba, vyeti na watu walioanza upya ukubwani

Mchukulie jamaa mmoja, jina kapuni. Yuko Mabwerebwere, kata ya wilayani Kilosa. Ana miaka 42, watoto watatu, na shamba la mahindi ambalo mvua inalipangia ratiba inavyotaka yenyewe. Kapita kazi nyingi: kibarua wa mkonge, bodaboda, mlinzi wa usiku kwenye gesti ya barabarani Mikumi. Sasa anasema anataka kusomea ufundi bomba. Kijiweni wamemcheka wiki nzima. Mzee mzima na daftari kwapani? Mtoto wake wa kwanza yuko Dar, kapanga Mbagala, na ndiye anayepigiwa simu kuhusu ada. Huyo mtoto yumo humu humu mtandaoni, na si ajabu ndiye wewe unayesoma hapa.

Kucheka ni rahisi. Kigumu ni hiki: achukue karatasi gani? Kuna cheti cha wiki chache, kuna vyeti vya ngazi, kuna Trade Test ambayo wazee wanaitaja mpaka leo, kuna utambuzi wa ujuzi, kuna stashahada. Kila mtu kijiweni ana jibu lake na wote wana uhakika. Akikosea, hela ya msimu mzima imekwenda na mwaka umekwenda, na kwa mtu wa miaka 42 mwaka mmoja una uzito ambao kwa mtu wa 22 hauna.

Hizi karatasi zimekuwa nyingi kwa sababu kila kizazi cha serikali kiliongeza ya kwake. Kwa hiyo twende nyuma kidogo. Tutaanzia mbali sana, halafu tutashuka Kilosa.

Kigogo aliyejifunza mabomba uzeeni

Mwaka 97, Roma. Mfalme Nerva anamteua mtu anayeitwa Sextus Julius Frontinus kuwa msimamizi wa maji ya jiji. Huyu hakuwa mtu wa maji. Alikuwa mwanasiasa mkubwa, jenerali, na aliwahi kuwa gavana wa Britania. Umri ulishakwenda, yuko kwenye hamsini na kitu au zaidi, na ghafla kapewa idara yenye mifereji mikubwa tisa, matangi, mabomba ya risasi na wafanyakazi wanaojua kila kitu kuliko yeye.

Angeweza kukaa ofisini na kusaini. Hakufanya hivyo. Aliona ni aibu kwa bosi kuendeshwa na maelezo ya wasaidizi wake, akaamua kujifunza kazi mwenyewe, akaandika kitabu kizima kuhusu mifereji ile ili awe na kitu cha kurejea. Na alichokikuta, mdau, ukikisoma unadhani ni Dar ya leo. Mabomba yenye ukubwa tofauti na ule ulioandikwa kwenye kibali. Vipimo visivyo na muhuri. Watu waliotoboa bomba kuu chini ya barabara na kuvuta maji kimya kimya. Maji yanayotoka kwenye chanzo na yale yanayofika mjini, hesabu haziendani.

Hata neno la Kiingereza la fundi bomba limetoka huko huko. Kilatini cha risasi, yaani ile madini, ni plumbum, na mafundi wake walikuwa wafua risasi. Sisi tumemwita fundi bomba, na mitaani wengine wanasema plamba, kwa hiyo risasi ya Roma imefika mpaka Msamvu.

Sultani na maji ya Chemchem

Huku kwetu, pwani ilikuwa na ustadi wa maji kabla hajaja Mzungu yeyote. Nyumba za mawe zilikuwa na visima, misikiti ilikuwa na mabirika ya kutawadhia, na kazi hiyo ilirithishwa kwa kukaa na fundi. Aliyekuwa anajifunza aliitwa mwanagenzi. Hakuna cheti. Cheti chako ni jina la fundi aliyekulea.

Mabadiliko makubwa yalikuja Zanzibar wakati wa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888. Mwaka mmoja kabla hajakalia kiti, kipindupindu kiliingia kisiwani na kuua watu wengi mno. Barghash aliwahi kuishi uhamishoni Bombay, akaona jiji kubwa linavyoendeshwa. Akavuta maji ya chemchemi ya Chemchem mpaka Mji Mkongwe, watu wakapata maji safi bila kununua kwa wachotaji. Akajenga pia Hamamni, yale mabafu ya mtindo wa Kiajemi ambayo leo watu wanaingia kupiga picha.

Sultani tunamjua. Waliochimba, waliounganisha, waliokuwa wanaitwa usiku mfereji ukipasuka, hao vitabu vya kawaida havina majina yao. Historia ya ufundi bomba ndivyo ilivyo mahali pengi: jina la aliyezindua lipo kwenye jiwe, na la aliyefunga koki halipo popote.

Reli, saidia fundi na sheria ya 1940

Kilosa iliingia kwenye historia ya mabomba kupitia treni. Wajerumani walianza reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita Kilosa na kuendelea mpaka Kigoma 1914. Treni za mvuke zilikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, kwa hiyo reli ilitaka matangi, pampu na mabomba njiani. Mashamba ya mkonge ya upande wa Kimamba nayo yalitaka maji, kwa sababu jani la mkonge likisagwa bila maji ya kutosha halitoi nyuzi safi.

Nani alifanya kazi hiyo? Miji ya kikoloni ilikuwa na ngazi zake. Juu Mzungu, katikati mafundi wenye asili ya Asia, chini Mwafrika aliyebeba bomba begani na kushika spana akiambiwa. Hapo ndipo lilipokaa neno ambalo bado tunalo kila penye ujenzi: saidia fundi. Wengi walijua kazi kuliko waliokuwa juu yao. Hawakuwa na karatasi ya kusema hivyo.

Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya uanagenzi, na historia rasmi ya mafunzo ya ufundi nchini huanzia hapo. Ilihusu mafunzo yanayofanyika kazini. Baada ya vita zikaja shule za ufundi. Ifunda, Iringa, ambako wakati wa vita kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, iligeuzwa shule ya ufundi miaka ya mwanzo ya hamsini, na Moshi ikafuata 1957. Zilikuwa shule nzuri. Lakini zilichagua wavulana wadogo waliomaliza masomo. Mtu wa miaka arobaini hakuwemo kwenye picha hata kidogo.

Miaka ya sabini: kila mtu mwanafunzi

Hapa ndipo ninapopapenda, na naomba uniruhusu nikae kidogo.

Serikali ya Nyerere iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwa mara ya kwanza mzee aliyeshika daftari hakuwa kichekesho, alikuwa sera ya taifa. Madarasa ya kisomo chini ya miembe, bibi na mjukuu wanaandika herufi ile ile. Mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, wazo ambalo Nyerere alilichukua Sweden, ambako watu wazima walikuwa wanarudi chuoni bila kuulizwa walifeli nini utotoni. Vyuo hivyo bado vipo, zaidi ya hamsini nchi nzima, na vingi vinafundisha ufundi. Vijana wa mjini wengi hawavijui kabisa, wanadhani VETA ndio mwanzo na mwisho.

Wakati huo huo, 1971, ulitangazwa mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini. Lengo: ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Hela za wafadhili zikaingia, visima vikachimbwa, pampu za dizeli zikafungwa, mabomba yakalazwa. Na maji ya vijijini yalikuwa bure.

Halafu? Pampu ikifa, kijiji kinaandika barua mkoani. Dizeli ikiisha, kinasubiri. Bomba likipasuka kwa kukosa kifaa cha kuungia cha hela ndogo tu, mradi mzima unalala. 1991 ilipofika lengo lilikuwa mbali, na sera ya maji ya mwaka huo ikaanza kusema wananchi wachangie na washiriki. Mimi naona kosa kubwa lilikuwa kwenye watu. Nchi ilinunua mabomba kwa kilomita bila kuweka kijijini mtu mmoja mwenye spana na maarifa ya kuitumia, anayelipwa. Yule jamaa wetu wa Mabwerebwere, laiti angezaliwa miaka thelathini mapema, ndiye hasa mtu aliyekosekana.

Kwa upande wa vyeti, Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi ya 1974 ilianzisha idara ya taifa ya mafunzo hayo chini ya wizara ya kazi. Majaribio ya ufundi, yale ambayo kila mtu anayaita Trade Test, yakawa ndiyo lugha ya viwandani na kwenye mashirika ya umma. Yalikuwa na madaraja matatu: la tatu, la pili, la kwanza. Unaanza na la tatu. La kwanza ndilo la juu kabisa, na mtu mwenye Trade Test Grade One kwenye shirika la umma alikuwa mtu wa heshima mtaani. Uzuri wake mwingine ni kwamba aliyejifunzia kazini naye angeweza kwenda kujaribiwa. Wengi walipata karatasi yao ya kwanza maishani kwa njia hiyo.

Kumbuka hayo madaraja yanavyopangwa. Tutayarudia, maana yanawaponza watu.

Tisini: waliopunguzwa

Halafu zikaja tisini. Serikali ilipunguza watumishi kwa makumi ya maelfu kuanzia 1993, na mashirika ya umma yakawekwa sokoni. Mkoa wa Morogoro uliumia kwa namna yake, kwa sababu ulikuwa mkoa wa viwanda. Kile kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikuwa kimeshafungwa 1990 kikiwa kimezalisha kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Mkonge ulikuwa umeshuka tangu zamani, nyuzi za plastiki zilipouchukua soko.

Neno la wakati huo lilikuwa "kupunguzwa". Baba kapunguzwa. Jirani kapunguzwa. Watu wa miaka 38, 45, 50, wenye familia, waliambiwa waanze upya bila kuonyeshwa pa kuanzia. Baadhi walinunua shamba, baadhi teksi, baadhi walifungua genge. Na waliokuwa mafundi ndani ya viwanda walitoka na mikono yao, wakawa fundi wa mtaa. Ukiwa na umri wa miaka ishirini na kitu na umekulia Morogoro au Dar, kuna uwezekano mkubwa bomba la nyumbani kwenu liliwahi kufungwa na mtu wa namna hiyo, na ninyi mlimwita tu "fundi".

Kazi ilikuwepo, maana mabomba ya mijini yalikuwa yamechoka. Kuna utafiti mashuhuri uliofanyika miaka ya sitini kwenye maeneo 34 ya Kenya, Tanzania na Uganda kuhusu jinsi watu wanavyopata na kutumia maji, kisha ukarudiwa maeneo yale yale mwaka 1997. Kwenye nyumba zenye bomba, matumizi yalikuwa yameshuka kutoka wastani wa lita 128 kwa mtu kwa siku mpaka 66. Nusu! Wasio na bomba ndio waliumia zaidi kwa muda: kutoka dakika 28 kwa siku za kutafuta maji mpaka 92. Hiyo ndiyo sababu nyumba zetu zimejaa matangi, pampu ndogo na madumu. Kila tangi juu ya mnara limemtafutia mtu kazi.

Katikati ya hali hiyo, Bunge lilipitisha sheria namba 1 ya 1994 na VETA ikazaliwa. Tofauti kubwa ilikuwa hela: waajiri walitakiwa kulipa tozo inayotokana na mishahara ili kugharamia mafunzo. Hiyo tozo ya kuendeleza ujuzi bado ipo, imeshushwa mara kadhaa, na mwaka 2023 ilifikishwa asilimia 3.5. Vyuo vikasambaa mikoani. Wilaya ya Kilosa ikawa na bahati ambayo wilaya nyingi zilisubiri kwa miaka mingi: chuo cha VETA kipo Mikumi, na mjini Morogoro kipo Kihonda.

Karatasi zilipogeuzwa juu chini

Sasa tufike kwenye kiini.

Mfumo mpya uliletwa kwa msingi wa umahiri, yaani unapimwa kwa unachoweza kufanya. Trade Test zikaachia nafasi vyeti vya taifa vya ufundi stadi, NVA, vyenye ngazi ya 1, 2 na 3. Na hapa ndipo mtego ulipo: ngazi zinapanda. Ya 1 ndiyo ya chini, ya 3 ndiyo ya juu. Kinyume kabisa cha Trade Test, ambako la kwanza lilikuwa kilele.

Fikiria inavyotokea. Mzee wa miaka 60 anaenda kuomba kazi kwenye hoteli na Trade Test Grade One yake, iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Ofisini yupo dada wa miaka 26, anaona "One", anamweka kundi la wanaoanza. Hakuna aliyedanganya. Karatasi mbili zinatumia namba zile zile kwa maana tofauti. Kama mzee wako ana cheti cha zamani, mwambie asikitupe, na mwambie akieleze kwa mdomo kabla mtu hajakisoma.

Juu ya ngazi ya 3 mlolongo unaendelea. Ngazi ya 4 mpaka ya 6 ni za mafundi sanifu, na ya 6 ndiyo stashahada. Kuanzia ya 7 unaingia elimu ya juu. Zamani sehemu ya juu ilisimamiwa na NACTE na ya chini na VETA. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yakaunganisha usimamizi, NACTE ikawa NACTVET, na VETA ikabaki na kazi ya kufundisha. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni moja: chuo chochote cha ufundi, cha serikali au cha mtu binafsi, lazima kiwe kimesajiliwa na NACTVET. Bango zuri barabarani si usajili.

Na kuna njia ya pembeni ambayo ndiyo imerudisha roho ya Trade Test ya zamani. Inaitwa utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, kwa kifupi RPL. Shirika la Kazi Duniani lilisaidia kuianzisha, VETA ikaibeba, na baadaye Ofisi ya Waziri Mkuu ikaiingiza kwenye programu ya taifa ya kukuza ujuzi. Uashi, useremala na upishi zilikuwa kati ya fani za mwanzo, kisha zikaongezeka. Unaomba, mtaalamu anakuhoji, anaangalia kazi zako, unafanya kwa vitendo mbele yake, unafundishwa pale ulipopungua, halafu unapewa cheti. Hukai darasani miaka miwili kujifunza kitu unachokifanya tangu 2009.

Jamaa achukue ipi?

Hapa nitasema ninavyoona mimi, na mtu anaweza kubisha.

RPL haimfai bado. Ni ya mtu mwenye ujuzi ambaye hana karatasi. Jamaa ana nguvu, nidhamu ya usiku wa ulinzi, na hajawahi kukata uzi kwenye bomba. Wapo watakaomwambia kwamba "mchongo upo, cheti kinapatikana". Akipata cheti bila ujuzi, siku ya kwanza ukuta wa mteja utalowa na jina litaharibika Mikumi nzima, na Mikumi si mji mkubwa.

Stashahada nayo sioni. Chuo cha Maji pale Ubungo, kilichoanza 1974, ni kizuri, lakini kinamtengeneza mtu wa kuajiriwa kwenye mamlaka za maji na miradi, na kinataka ufaulu wa sekondari. Jamaa aliishia darasa la saba. Angeanza kusafisha vyeti vya kidato cha nne kwanza. Kwa mtu wa 24 ningesema nenda. Kwake ni safari ya miaka mingi kufika kwenye kazi ambayo siyo aliyoitaka.

Kozi fupi ndiyo inayovutia kila mtu: wiki kadhaa, hela kidogo, picha na cheti. Kama mlango si mbaya. Inakufundisha kushika zana, kutofautisha elbo na tii, kuunganisha bomba za plastiki zinazochomwa kwa moto. Shida ni pale mtu anapodhani kaimaliza fani. Nyingi zinaishia na karatasi ya kuhudhuria, ambayo haikupeleki ngazi yoyote.

Ningemwambia aanze kama saidia fundi kwa fundi mzuri, miezi michache ya kuchafuka, aone kama kweli anaipenda kazi ya kuingiza mkono kwenye chemba saa mbili usiku. Akiona ndiyo, aingie NVA ngazi ya 1 kisha ya 2. Ada ya vyuo vya VETA kwa kozi ndefu imekuwa kwa miaka mingi shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Si hela ya kutisha. Kinachotisha ni vifaa, chakula, na nyumbani kubaki bila mtu wa kulima. Ya 3 anaweza kuichukua baadaye akiwa ameshaanza kulipwa. Akimaliza ya 2 atakuwa na miaka 44 au 45, na magoti yake yakimruhusu ana miaka ishirini ya kazi mbele.

Kwa nini nashikilia ngazi na si kozi fupi? Kwa sababu ya hesabu. Nikupe mifano miwili. Kila mita moja ya kimo cha maji inakupa mgandamizo wa karibu baa 0.1. Tangi lako likiwa mita tatu juu ya bafu, una baa 0.3. Zile hita ndogo za bafuni nyingi haziwaki kwa mgandamizo huo. Fundi asiyejua atabadilisha hita mbili, atakula hela yako, na atakwambia "umeme wa hapa mdogo". Mfano wa pili ni bomba la choo la inchi nne. Linataka mteremko, kama sentimita 2.5 kwa kila mita ya urefu. Ukililaza karibu tambarare, maji taka yanasimama na yaliyomo yanabaki. Mambo haya hayaonekani siku ya kukabidhi nyumba. Yanaonekana mwezi wa nne, mpangaji akiwa ameshalipa kodi ya miezi sita.

Kwenye kuanza tena hesabu ukubwani ndiko wengi wanakwama, si kwenye spana. Sehemu, desimali, kusoma mchoro. Kijana aliye Dar akitaka kusaidia kweli, pamoja na hela, ampigie babaake mara mbili kwa wiki wapitie hesabu kwa simu. Nasema kwa uzito wote.

Soko la Kilosa na Mikumi

Kazi ipo? Angalia ramani. Mikumi ni mji wa barabara kuu ya kwenda Iringa, pembeni ya hifadhi iliyoanzishwa 1964. Loji, gesti na vituo vya mafuta vyote vina vyoo, na choo cha mgeni hakisubiri kesho. Kilosa sasa ina stesheni ya treni ya umeme, inayobeba abiria kati ya Dar na Dodoma tangu 2024, na penye stesheni nyumba za kupanga zinafuata. Vijijini kuna RUWASA, wakala uliotokana na sheria ya maji ya 2019, ambao kimsingi unajaribu kutibu kidonda kile kile cha pampu za miaka ya sabini.

Na kuna maji yenyewe. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulivunja kingo zake Kilosa, maelfu wakaishia kwenye mahema, reli ikasombwa. Baada ya mafuriko kama yale visima vinachafuka, mabomba yanang'olewa, vyoo vinafurika, na wilaya nzima inatafuta watu wanaojua kurudisha maji safi na kuyatoa machafu bila kuvichanganya.

Mtaji ni suala jingine. Sera yetu ya vijana inahesabu kijana mwisho miaka 35, kwa hiyo programu nyingi zinamwacha jamaa nje kwa miaka saba. Lakini kwenye ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, kundi la vijana limesogezwa mpaka miaka 45. Akiungana na wenzake wakasajili kikundi kabla umri haujampita, mashine ya kuchomea bomba na seti ya kukatia nyuzi vinaweza kutoka huko. Wakikua na kutaka zabuni rasmi za majengo, wataelekea Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ila hiyo ni stori ya miaka mitano ijayo.

Kwa sasa, wewe wa Mbagala, kabla hujatuma chochote: mwambie mzee aende chuoni mwenyewe aulize fani ya ufundi bomba inaanza lini, ni ngazi gani wanatahini, na namba ya usajili ya NACTVET ni ipi. Na kwenye chuo cha serikali ada inalipwa kwa control number. Akitajiwa namba ya simu ya mtu, usitume.